Kimo cha Mkasi

Bati hupimwa kwa geji, na hesabu ya geji imekaa kichwa chini miguu juu: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji ishirini ni bati la kazi, ukiligonga linakujibu. Geji thelathini ukikohoa karibu nalo linatetemeka. Sasa kwenye mtaa mmoja wa mafundi walikuwapo mume na mke waliofanya kazi karakana moja. Mume alikuwa pande la mtu, akipita mlangoni lazima atangulize bega moja. Mke, hata akivaa viatu vya kutokea, alimfikia kifuani. Mtaa haukuitisha kikao. Mume akaitwa Geji Ishirini na mke Geji Thelathini. Baadaye watu walichoka na namba; mume akawa Mzee tu, na mke akabaki peke yake na jina la Geji. Wateja wapya walidhani alipewa na mamaye.

Hakuchukia. Alikuwa akisema heri kuitwa bati kuliko kuitwa kopo.

Kazi hii aliiingia kwa mlango wa uani. Wakati anaolewa alikuwa fundi cherehani, mwenye jicho la mstari ulionyooka na subira ya kufumua alichokosea. Siku moja alimpelekea mumewe chakula cha mchana, akamkuta anapigana na bati refu, upande mmoja ameushika, upande wa pili unamkimbia. Akaweka bakuli chini, akaushika ule wa pili. Chakula kikapoa. Miaka ishirini na sita baadaye alikuwa bado ameushika. Katikati hapo walizaa watoto wawili, wakawasomesha, wakawaona wakienda kujitegemea mbali, na karakana ikabaki na watu wale wale wawili, mmoja upande huu wa bati na mwingine upande ule.

Kazi waligawana bila kukaa chini na kugawana. Mzee alikata. Geji alikunja mishono, akaigonga, akailehemu. Lehemu yake ilitembea juu ya mshono bila tone la ziada, na ndoo yake ungeweza kuijaza maji ukalala nayo kitandani. Mzee aliwaambia wateja, "Mimi nakata, mwenzangu anashona," akisema kwa majivuno, na kila mmoja wao aliona maneno hayo yametosha. Lakini kwa mafundi bati anayekata ndiye fundi. Lehemu ikikosewa inayeyushwa ikarudiwa; bati likikatwa vibaya limekatwa, hata ulie machozi ya damu halirudi. Kwa hiyo katika miaka yote ile Geji hakuwahi kukata kitu kikubwa kuliko kiraka. Hakukatazwa. Ni kwamba hakuna aliyeuliza, hata yeye mwenyewe hakuuliza.

Kisha mwaka juzi Mzee akaanguka bafuni, akiwa na sabuni mkononi. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia wote, mguu wa kulia nusu, na maneno karibu yote. Yaliyobaki yalikuwa ndiyo, hapana, maji na mengine machache ya kuokoteza, pamoja na matusi. Matusi yalibaki kamili, hakuna hata moja lililopungua, na yalitoka safi kabisa kutoka kwenye kinywa ambacho kisingeweza kusema "habari za asubuhi". Muuguzi wa zahanati alieleza kwamba hutokea hivyo, kwamba matusi hukaa chumba kingine kichwani. Geji alisema kwa mumewe hicho chumba kilikuwa kikubwa tangu zamani.

Muuguzi huyo huyo aliagiza kwamba kila asubuhi mgonjwa asimame, ashike kitu kisichotikisika, leo kidogo, kesho zaidi kidogo. Agizo rahisi, ila wewe tafuta nyumbani kwako kitu kisichotikisika. Kitanda kilitikisika. Meza ilikuwa ya plastiki. Ukuta hautikisiki lakini hauna pa kushika. Katika maisha yao yote kitu cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa karakanani.

Ilikuwa ni nguzo ya mashine ya kunolea. Mzee aliisimika mwenyewe alipokuwa kijana, kwa bomba nene la ekseli ya lori bovu: akachimba shimo, akazamisha bomba, akamwaga zege, juu akachomea bamba la chuma, na juu ya bamba akafunga mashine yenye mawe mawili ya duara. Kimo cha nguzo alikipima kwa mwili wake. Mota ya mashine ilishakufa zamani, na mashine ikabaki pale juu kwa heshima tu. Nguzo yenyewe hata lori lingine lisingeing'oa.

Basi kila asubuhi walivuka ua, hatua zisizozidi thelathini, kwa robo saa. Geji alimketisha Mzee kwenye kiti mbele ya nguzo, akamwekea mkono wa kushoto juu ya bamba, naye Mzee akavuta pumzi, akajivuta, akasimama. Akisimama alikuwa tena yule yule Geji Ishirini, akiangalia barabara juu ya vichwa vya watu. Wapita njia walimwamkia. Shikamoo Mzee, leo umesimama, walimwambia, na yeye akajibu ndiyo. Ilikuwa ndiyo nafasi pekee ya siku nzima ambayo hakuna mtu aliyemwangalia kwa kuinama.

Na kulikuwa na ahadi. Siku zile za hospitali kaka yake mkubwa, dereva mstaafu mwenye sauti ya kuongea juu ya injini, alimshika mkono akamwambia kwamba atasimama tena kwenye nguzo yake afanye kazi. Mzee alitokwa na machozi, akasema ndiyo. Kuanzia hapo maneno hayo yaligeuka kuwa sheria ya nyumba. Hakuna aliyeyaamini sana na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Kukata sasa kulimwangukia Geji. Aliuchukua mkasi wa mkono wa mumewe, ambao mipini yake ilitengenezwa kwa kiganja cha ukubwa wa sahani, akajifunza. Kwa bati jembamba alifaulu. Jicho la cherehani halikumtupa. Lakini wateja wengi waliondoka taratibu, kila mmoja akisema atarudi Mzee akipona, kwa sauti ile ya watu wasiorudi. Mteja mkubwa aliyebaki alikuwa mwoka mikate wa barabara kuu, na huyo aliagiza trei sitini za tanuri jipya. Trei za tanuri hazitaki bati la mzaha. Zilitaka geji ishirini.

Mtaa ulicheka, kwamba Thelathini anakwenda kupambana na Ishirini, na Geji mwenyewe alicheka. Hakucheka baada ya wiki moja. Alikuwa amemaliza trei nne, na vidole vya mkono wake wa kulia asubuhi vilifunguka kimoja kimoja kwa kubembelezwa na maji ya moto. Alishindwa kufunga kifungo cha shati la Mzee. Mzee alikiangalia kile kifungo, akaviangalia vile vidole, akageuza uso dirishani.

Mkasi mkubwa uliletwa na mkokoteni. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa anafunga kazi ili ahamie kwa binti yake, na binti alisema nyumba yake haina nafasi ya vyuma. Kwa hiyo akampelekea Geji ule mkasi wake wa kukatia bati nene: kiwiliwili cha chuma cha kumimina, wembe mmoja umelala chini, wa pili umefungwa kwenye mpini mrefu wa kuvuta kwa mwili mzima. Huo hautaki nguvu ya vidole. Unaingiza bati, unauvuta mpini chini, na bati geji ishirini linakatika kwa utulivu wa jibini. Ila una sharti moja: uwe umefungwa kwenye kitu ambacho hakiendi popote.

Geji aliufunga kwanza kwenye meza ya mbao. Alipouvuta mpini meza iliinua miguu miwili, na baada ya mikato mitatu ilikuwa imetembea hadi mlangoni. Akaufunga juu ya pipa alilolijaza mchanga. Pipa liliinama polepole, kwa adabu, likamwaga mchanga wote miguuni pake. Jirani yake, fundi wa kuchomea vyuma, mtu mwenye maneno kuliko cheche zake, alishauri injini ya lori iliyokuwa imelala nyuma ya kibanda chake. Injini haikutikisika, ila ilikuwa fupi mno. Kuutumia mkasi pale ilibidi mtu apige magoti kama anayetubu. Mchomeaji akasema basi, kwa nini mnahangaika na mnayo nguzo?

Geji alikuwa ameshaiona nguzo. Alikuwa ameizunguka kwa siku kadhaa bila kuigusa, akiifagilia pembeni, akiifuta vumbi ambalo halikuwapo. Mchomeaji aliipima kwa macho, akampima na Geji kwa macho, akasema itafaa sana, ila itabidi ikatwe kidogo, kimo kile ni cha twiga.

Maneno hayo, kama kawaida ya maneno ya mchomeaji, yalifika kwa shemeji, yule kaka dereva, kabla ya jioni. Shemeji alikuja kesho yake, akakataa kuketi. Mzee alikuwa ndani amelala, kwa hiyo kaka mtu alishusha sauti yake hadi ikawa kubwa kidogo tu kuliko ya mtu wa kawaida.

"Mashine imekufa, itoeni. Fungeni huo mkasi, sina neno," alisema. "Lakini nguzo usiiguse kwa msumeno, shemeji. Ukiikata umemwambia ndugu yangu kwamba hasimami tena. Utakuwa umemzika angali anapumua."

Geji hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anakata. Lakini alikuwa amewaza, na aliyewaza akikamatwa hujitetea kuliko aliyetenda. "Na nani amesema nakata?" alijibu. Kwa jibu hilo akajifunga mwenyewe mikono na miguu.

Alimweleza Mzee siku hiyo hiyo. Tutatoa mashine, tutafunga mkasi, nguzo itabaki vile vile, asubuhi utashika kama kawaida. Mzee alisema ndiyo. Kwa bahati mbaya ndiyo ya Mzee ilikuwa na ndiyo saba ndani yake, na Geji aliichagua ile iliyomfaa.

Kazi ya kuufunga aliifanya kwa mikono yake, na niseme kweli, ilikuwa kazi safi. Matundu ya kitako cha mkasi hayakulingana na matundu ya bamba la nguzo, kwa hiyo alitafuta cha kupatanisha. Akakipata chini ya rafu: jiriwa bovu, lile la kubania vyuma, lililopasuka taya miaka mingi nyuma na Mzee akakataa kulitupa. Kitako chake kilikuwa bamba nene la mraba. Geji alikifungua, akakisugua kutu, akakilaza juu ya meza na kukitoboa matundu manne mapya kwa keke ya mkono, akitia mafuta tone kwa tone, kila tundu likimla nusu siku. Matundu ya zamani ya jiriwa yakaingiliana na bamba la nguzo, matundu mapya yakaupokea mkasi. Boliti nane, kila moja na nati mbili. Mchomeaji alipita, akaning'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote, na hakuna kilichosogea hata unywele.

"Kimo kile kile?" aliuliza.

"Kile kile," alisema Geji.

Mchomeaji alifungua kinywa, akakifunga. Kwa mtu yule hilo lilikuwa tukio.

Kilichofuata kila mtu alikiona na hakuna aliyekisema. Mkasi ukiwa umefunguliwa, ncha ya mpini ilikuwa juu kuliko mahali ambapo mkono wa Geji ungeweza kufika akinyoosha na kusimama kwa vidole vya miguu. Kwanza alifunga kamba kwenye ncha, akawa anauvuta kama anayepiga kengele ya shule. Mpini ulishuka hadi nusu, kamba ikalegea, bati likabaki limeng'atwa. Kisha akapanga matofali mawili ya saruji juu ya mengine mawili, akapanda. Akishapanda aliufikia mpini, lakini ili kugeuza bati alishuka, na ili kukata tena alipanda. Trei moja ina mikato minane. Mtu mwenye hesabu na apige mwenyewe mara ngapi kwa trei hamsini na sita. Ungemuuliza Geji, angekwambia amezoea, angekwambia hata mazoezi ni afya.

Huo ndio ukaidi wa watu wapole. Mtu mkali angegombana na shemeji siku ya kwanza, yakaisha. Geji alikuwa tayari kupanda matofali mpaka siku ya mwisho ya maisha yake kuliko kusikia kwamba yeye ndiye aliyemwambia mumewe hasimami tena. Na zaidi ya shemeji kulikuwa na jambo lake la ndani, ambalo hakumwambia hata binti yake kwenye simu: kila alipokuwa juu ya yale matofali, macho yake yalikuwa kwenye kimo cha macho ya Mzee, akaiona barabara kama Mzee alivyoiona miaka yote. Alimpenda, basi. Kuna watu hupenda kwa maua. Huyu alipenda kwa kutoshusha kitu ambacho mwenzake alikiinua.

Mzee aliketi kwenye kiti chake karibu na mlango na kuangalia kila kupanda na kila kushuka.

Siku ya trei ya kumi na saba, saa nne ya asubuhi, boliti hazikuhusika wala mkasi haukuhusika. Ni kipande kidogo cha bati, kisichozidi ukucha, kilichokuwa chini ya tofali. Geji alipanda, akashika mpini, akauvuta kwa mwili wote, na tofali likazunguka. Akaning'inia. Mpini ulishuka naye, wembe ukalipita bati mshazari kutoka kona hadi kona, na kile kipande kilichokatika kilimchana mkono kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko kabla hajafika chini. Alianguka chali katikati ya matofali yake.

Mzee aliinuka. Hakushika kitu. Hakuna aliyemwekea mkono popote. Aliinuka kutoka kwenye kiti kama mtu anayeitwa, akaenda hatua moja, mguu wa kulia ukakataa ya pili, akaanguka kifudifudi juu ya mabaki ya bati kwa kishindo kilichosikika hadi ng'ambo ya barabara. Kisha kutoka pale sakafuni akatoa tusi moja refu, lenye mwanzo, kati na mwisho, akilitukana tofali, akamtukana na aliyelitengeneza.

Mchomeaji alikuja mbio na kinyago chake kikiwa bado usoni. Aliwakuta wawili wako chini, kichwa cha mmoja kikielekea cha mwingine, mwanamke anavuja damu na anacheka, na machozi yanamtoka huku anacheka. Akadhani amegonga kichwa. Alimwinua Mzee kwa taabu, akamketisha kwenye kiti kando ya nguzo, akamfunga Geji mkono kwa kitambaa safi. Jeraha lilikuwa refu lakini halikwenda ndani. Geji akawa anasema si kitu, si kitu, ni tofali tu, nitatafuta jukwaa la mbao, nitaliwekea mpira chini lisiteleze.

"Hapana," alisema Mzee.

Hiyo haikuwa na hapana saba ndani yake. Ilikuwa moja. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye rafu, akaonyesha, akagonga vidole kwenye goti kwa hasira ya kukosa neno, mpaka mchomeaji akampa kitu kimoja baada ya kingine na hatimaye akampa chaki. Kisha Mzee akamwita mkewe kwa kichwa asogee karibu na nguzo. Geji akasogea. Mzee akamwonyesha viatu: avae vile anavyofanyia kazi, si miguu mitupu. Akavaa. Akamwonyesha mgongo: anyooke. Akanyooka. Akamshika mkono mzima, ule ambao haukuchanika, akaukunja kwenye kiwiko hadi ukawa sawa na sakafu, akautazama kwa jicho moja.

Geji akaelewa. Akaweka ncha ya kidole kwenye nguzo usawa wa kiwiko chake, kwa kuwa alijua kwamba fundi hufanyia kazi usawa wa kiwiko. "Hapa?" aliuliza, sauti imepungua.

Mzee akatikisa kichwa. Akakipima kwa shubiri ya mkono wa kushoto kiwiliwili cha mkasi, kutoka kitako hadi kwenye wembe, akakihamishia kipimo kile chini ya kidole cha Geji, akaongeza upana wa vidole viwili. Pale ndipo alipochora mstari. Geji aliukodolea macho. Alikuwa amesahau kwamba kinachotakiwa kuwa usawa wa kiwiko ni wembe, si bamba. Angekata mwenyewe, angekata juu mno, na chuma nacho hakirudi. Vile vidole viwili hakuvielewa mpaka alipoutazama mpini na kuona kwamba wenye mkono mfupi huhitaji kuushukia kwa bega. Kiharusi kilibeba mkono, kikabeba mguu, kikabeba maneno. Fundi kilimwacha amekaa pale pale, na kwa muda wa mwaka na nusu hakuna mtu aliyemwuliza chochote zaidi ya kama anataka maji.

"Kata," alisema Mzee. Lilikuwa neno ambalo hawakujua kama analo.

Mchomeaji alitazama nje, akaanza kusafisha kioo cha kinyago kisichokuwa na uchafu.

"Nikikata itakuwa fupi kwako," alisema Geji. "Kesho asubuhi utashika nini?"

Mzee alilitafuta jibu. Ulimi ulikwenda mahali, ukarudi mtupu, ukaenda tena. Mishipa ya shingo ilimsimama. Geji, ambaye siku zote alimmalizia sentensi ili asione aibu, safari hii alinyamaza akangoja.

"Wewe," alisema Mzee.

Walikata mchana ule ule. Mchomeaji aliulegeza mkasi, akaushusha, akaikata nguzo kwa moto kwenye mstari, akaikata tena huko juu, chini kidogo ya bamba, na kipande cha bomba kirefu kama mkono wa mtoto kikadondoka sakafuni. Akashusha bamba juu ya kisiki, Mzee akiamuru kwa kidole: inua huku, shusha huku, bado, bado. Mchomeaji alijaribu kusema inatosha. Alitukanwa. Akarekebisha, na kipima maji kilipowekwa juu ya bamba kiputo kilisimama katikati; ndipo akalichomea.

Shemeji alifika wakati mkasi unafungwa boliti ya mwisho. Alikiona kile kipande chini, akakiokota, kikiwa bado na joto, akasimama nacho mkononi. Alimgeukia Geji kwanza, naye Geji alikuwa na maneno yake tayari, ya miezi mingi, makali. Hakuyatumia. Mzee alimwonyesha kaka yake mstari wa chaki uliobaki kwenye ukingo wa bomba, akajigonga kifua mara mbili kwa ngumi ya kushoto. Ni mimi. Shemeji aliutazama ule mstari. Kisha akakiweka kipande chini polepole, akauliza kama kuna boliti ya kukaza.

Asubuhi iliyofuata walivuka ua kwa robo saa ile ile. Geji alimketisha Mzee nyuma yake, si mbele ya nguzo, akampa bega. Mzee akaweka mkono, akavuta pumzi, akajivuta, akasimama. Bega la Geji lilikwenda chini, akaona kwa mara ya kwanza mtu huyu ana uzito gani na kwamba nguzo ile miezi yote haikulalamika. Mpita njia mmoja aliita kutoka barabarani kwamba leo Mzee amesimama. Mzee hakumjibu, alikuwa anaangalia wembe.

"Usinilalie," Geji alimwambia. "Simama, usinilalie."

Mzee alimlalia kidogo zaidi, makusudi, na pumzi ya kicheko ikampita Geji kwenye nywele. Geji akaingiza bati. Mpini ulikuwa pale mkono wake ulipokuwa. Akabana kidole kwenye mstari, akatazama nyuma juu ya bega, na Mzee akalitazama bati lilivyokaa, akasema hapana. Akalisogeza kidogo. Hapana. Akalisogeza tena, unene wa uzi.

"Ndiyo," alisema Mzee, na Geji akakata.